Kondoo Mmoja, Chupa Hamsini: Hesabu ya Biashara ya Felti

Mwaka 2020 wafugaji wengi wa kondoo nchini Uingereza waliichoma sufu yao, wengine wakaifukia shambani. Uviko-19 ulikuwa umefunga masoko, minada ya sufu ikasita kwa miezi, na bei ikaporomoka hadi malipo ya sufu ya kondoo mmoja yakashindwa kumlipa mnyoaji wake. Kunyoa nako hakuahirishwi, kwa sababu kondoo asiyenyolewa huteswa na joto na kuliwa na funza. Mfugaji akawa anatoa fedha mfukoni ili apate bidhaa isiyo na mnunuzi.

Soko hilo lilikuwa dhaifu tangu zamani. Leo sufu ni takriban asilimia 1 tu ya nyuzi zote zinazozalishwa duniani kwa ajili ya nguo na vitambaa. Poliesta na pamba zimechukua karibu nafasi yote. Australia, mzalishaji mkubwa wa sufu ya nguo, ilijaribu kuilinda bei kwa kununua sufu iliyokosa wateja. Mpango huo ulivunjika Februari 1991 ukiacha ghala la marobota zaidi ya milioni 4, na kuyamaliza kulichukua takriban miaka kumi. Walioumia zaidi ni wenye sufu nene. Ile laini ya Merino bado inatafutwa kwa suti na fulana, lakini sufu nene ilitegemea mazulia, na mazulia yamehamia kwenye nyuzi za viwandani.

Ndiyo maana biashara ndogo ya kuvisha chupa kwa felti, yaani sufu iliyosuguliwa hadi ikashikana, inastahili kuangaliwa kwa makini. Chupa haivai nguo juu ya ngozi, kwa hiyo ukali wa sufu nene haumkeri mtu. Tena chupa yenyewe haina gharama. Afrika Mashariki chupa za soda na bia hurudi kiwandani na kreti zake, lakini za mvinyo, pombe kali, jemu na kahawa nyingi huishia jalalani.

Kazi yenyewe haihitaji sindano wala cherehani. Kila unywele wa sufu umefunikwa na magamba madogo. Maji ya moto na sabuni huyafungua, na mikono inaposugua, nyuzi husogea, hunasana na kukataa kuachana. Fundi hupanga matabaka membamba kuizunguka chupa, moja wima na jingine kwa upana, huyalowesha, kisha husugua polepole kwanza na kwa nguvu baadaye. Felti husinyaa kwa karibu theluthi moja na kuishika chupa barabara. Glasi baridi ikimwagiwa maji yanayochemka hupasuka, kwa hiyo fundi huipasha chupa taratibu, kwa maji ambayo mkono wake unaweza kuyavumilia.

Kosa linalotia hasara linatokea mapema zaidi, kwenye kununua sufu. Sufu ya Merino na Corriedale hushikana vizuri, ilhali ya Hampshire Down na Suffolk ni sugu, hata isuguliwe mchana kutwa. Ile iliyotiwa dawa kiwandani ili ifuliwe kwa mashine bila kurudi haifai kabisa, kwa sababu magamba yake yameondolewa au kufunikwa. Asiyeuliza aina ya kondoo anaweza kupoteza gunia zima.

Sasa tuje kwenye hesabu. Tuchukue kondoo wa Corriedale aliyetoa kilo 4 za sufu mbichi. Mafuta, jasho, vumbi na majani makavu vikiondolewa, tuseme zimebaki kilo 2. Tukadirie kwamba chupa ya mvinyo ya mililita 750 inavikwa kwa gramu 40. Kondoo huyo mmoja amevisha chupa 50. Kila chupa ikichukua saa mbili na nusu, kuanzia kupanga matabaka hadi kusuuza, kazi nzima ni saa 125, yaani zaidi ya wiki tatu za mtu mmoja.

Hapo ndipo siri ya biashara hii ilipo. Tuseme mfugaji alikuwa akilipwa shilingi 100 za Kenya kwa kilo ya sufu mbichi, na sasa analipwa 200. Gharama ya chupa moja imepanda kwa shilingi 8 tu. Lakini fundi anayelipwa shilingi 100 kwa saa ameshaweka shilingi 250 kwenye chupa hiyohiyo. Kumbana mfugaji, basi, hakuokoi chochote. Anayeuza chupa kwa shilingi 200 ili awahi mteja anaugawa muda wake bure, na kikundi kinachofanya hivyo kitavunjika hata kama oda ni nyingi.

Uzoefu wa Asia unathibitisha kwamba uzito wa biashara hii uko kwenye kazi. Karakana za Kathmandu, Nepal, zinauza nje mipira, ndara na vinyago vya felti, na hutegemea sana sufu inayotoka New Zealand. Kyrgyzstan, kwa upande mwingine, ina kondoo tele na urithi mkubwa wa felti, lakini mwaka 2012 UNESCO iliweka mazulia yake ya ala-kiyiz na shyrdak kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Kuwa na kondoo hakutoshi pale ujuzi unapokosa malipo.

Kwetu Kenya, kondoo wengi wa wafugaji wa nyanda kavu, kama Red Maasai, wana nywele fupi zisizofaa kazi hii. Sufu inapatikana nyanda za juu zenye baridi: Nyandarua, Molo, Laikipia. Mji wa Nanyuki una kikundi cha wanawake wanaosokota na kufuma sufu tangu mwaka 1977, na Kitengela, nje ya Nairobi, mafundi wa vioo wamekuwa wakigeuza glasi kuukuu kuwa bidhaa za bei nzuri kwa miongo kadhaa. Malighafi zote mbili na mikono yenye ujuzi vipo ndani ya nchi moja.

Soko nalo lichaguliwe kwa mizani. Chupa tupu ya mvinyo hufika gramu 400 hadi 600, na kuituma Ulaya kunaweza kumeza faida yote. Taa za mezani na vyombo vya maua vinavyotokana na chupa hizo viuzwe kwa hoteli, kambi za watalii na maduka ya zawadi yaliyo karibu. Kwa wateja wa mbali, fundi atumie chupa ya jemu yenye ubavu ulionyooka kama kalibu: felti ikikauka anaivua, anaikunja, anaituma bila glasi, na mnunuzi anaivisha chupa yake mwenyewe.

Ushirika au kaunti inayotaka kuisaidia kazi hii isianze na semina nyingine ya ujasiriamali. Inunue mashine moja ya kuosha na kuchambua sufu, iiweke karibu na wafugaji, na ilipe bei inayopangwa kwa aina na usafi wa sufu. Vikundi navyo viandike saa kwenye kila bidhaa kabla ya kuandika bei. Hesabu inaonyesha kwamba mfugaji anaweza kulipwa mara mbili bila mnunuzi kuhisi tofauti; kinachobaki ni fundi kuacha kuuza saa zake kwa bei ya kutupa.