Je, Wajua? Maharage Kabla ya Moto

Je, wajua kwamba maharage tunayokula kila siku, mekundu, ya njano na ya madoadoa, asili yake si Afrika? Yalianza kulimwa Amerika ya Kati na kwenye milima ya Andes, yakavuka bahari baada ya safari ya Columbus ya 1492. Leo Tanzania ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa maharage barani Afrika.

Je, wajua mawe huingiaje? Wengi humlaumu muuzaji. Lakini mara nyingi yameanzia shambani: maharage yaliyokauka hupurwa kwa fimbo juu ya ardhi tupu, na yanapozolewa huzolewa na udongo wake. Anayepuria juu ya turubai huleta sokoni maharage safi zaidi.

Je, wajua kwamba ungo hauondoi kila kitu? Kupepeta hupeperusha makapi na vumbi, lakini kijiwe kilicholingana na punje hurudi kutua palepale na wenzake. Hapo ndipo kuchambua kunapoanza. Tandaza konzi moja moja kwenye sinia, safu moja tu, karibu na dirisha. Sinia la bati husaidia hata masikio: kijiwe kikianguka hulia tofauti na punje.

Sasa chukua punje moja uisogeze karibu na macho. Ukiona kiduara kidogo kama dirisha, chenye ngozi nyembamba inayopitisha mwanga, humo ndani kuna mdudu. Funza wa fukusi hula punje kutoka ndani, na anapokaribia kukomaa huchonga njia hadi chini ya ganda, akiacha utando mwembamba. Akishakuwa mdudu kamili husukuma kifuniko hicho na kutoka. Kwa hiyo punje yenye dirisha lililofungwa ni ya kutupwa sawa na yenye tundu, na kwangu ni mbaya zaidi, kwa sababu mwenye nyumba bado yumo.

Je, wajua kwamba kuyaviringisha maharage huua fukusi? Funza aliyetoka kwenye yai huhitaji saa nyingi kutoboa ganda, tena huegemea punje ya jirani ili apate nguvu ya kusukuma. Mwaka 1991 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kugeuzageuza chombo cha maharage kila siku humvurugia kazi hiyo, na wadudu wakapungua kwa zaidi ya 90%. Ndoo yenye mfuniko inayoviringishwa asubuhi na jioni haina gharama yoyote.

Je, wajua kwa nini maharage yaliyolowekwa hujikunja kwanza kabla ya kuvimba? Ganda hunywa maji na kutanuka mapema, nyama ya ndani ikiwa bado kavu. Baadaye ndani hujaa na mikunjo hupotea. Usihesabu saa peke yake: pasua punje moja. Katikati pakiwa na weupe mkavu, bado. Zikilowa sawasawa, kilo moja hukaribia kilo mbili. Kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa badilisha maji mara moja usiku, la sivyo huanza kutoa povu na kuchacha.

Maji ya kuloweka yamwage. Yamebeba sehemu ya sukari zile zinazojaza tumbo gesi.

Hili lifuatalo naomba lisirukwe. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili iitwayo fitohemaglutinini. Punje nne au tano mbichi zinatosha kumtapisha mtu mzima ndani ya saa chache. Shirika la Afya Duniani linashauri kuloweka saa 12 au zaidi, kisha kuchemsha kwa nguvu angalau dakika 10 katika maji mapya. Moto hafifu usiofikisha mchemko hauiondoi sumu hiyo, na unaweza hata kuizidisha. Wenye vikapu vya kupikia vya kuhifadhi joto wazingatie: sufuria itokote kwanza kwa nguvu jikoni ndipo ifunikwe kikapuni.

Je, wajua kwamba Nairobi maharage huchelewa kuiva kuliko Mombasa? Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwa takriban nyuzi 94 badala ya 100. Aliyehamia bara kutoka pwani asidhani ameuziwa maharage mabaya.

Chumvi kwenye maji ya kuloweka haiyafanyi maharage kuwa magumu, hulainisha ganda. Vinavyoyafanya magumu ni nyanya, ndimu na ukwaju vikitiwa mapema. Magadi hulainisha upesi kweli, lakini huharibu vitamini B1, hivyo tia kidogo tu, au acha kabisa.

Na kama yamelowekwa usiku kucha, yametokota nusu siku, na bado yanagoma? Huenda yalikaa muda mrefu kwenye ghala lenye joto na unyevu, na ugumu umeingia ndani ya punje. Muulize muuzaji ni ya msimu gani. Ukiwa nayo ya zamani nyumbani, usiyachanganye na mapya sufuria moja: mapya yatavurugika kuwa uji, ya zamani yakiwa bado yanagonga meno.