Ufunguo Mmoja Haufungui Kila Mlango

Neno "ufunguo" hakuna asiyelijua. Ni kile kipande cha chuma tunachokitia kitasani, tukakizungusha, mlango ukafunguka. Waingereza nao wana neno lao, "key", ambalo mafundi wetu hulitamka "kii". Lakini liingize neno hilo katika karakana, uone litakavyokugeuka. Kwa mwashi lina maana moja, kwa makanika nyingine, kwa seremala nyingine tena. Je, kila tulionapo tuandike "ufunguo" tu, tuendelee na safari? Mimi nasema hapana, na sababu zangu ziko katika kazi zenyewe.

Tuanze kwa mwashi. Ukuta wa zege uliomiminwa kati ya mbao zilizopigwa randa hutoka laini kama sahani. Ukiupiga plasta hivyo hivyo utapendeza siku hiyo, lakini baada ya muda ukiugonga utalia kama debe tupu, kisha plasta itabanduka vipande vipande. Kwa hiyo fundi anayeijua kazi yake huchukua nyundo na tindo akauchokoa ukuta ujae vidonda, akaondoa vumbi, akaulowesha maji, ndipo akapiga mkono wa kwanza. Nao mkono huo, kabla haujakauka, huukwaruza mistari kwa ncha ya mwiko au kwa ubao wenye misumari, ili mkono wa pili upate pa kushika. Kazi hiyo yote ya kuchokoa na kukwaruza, Mwingereza huiita kutia "kii". Kuta za kale za Lamu na Mombasa, zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe, hazikuwa na taabu hiyo. Jiwe lenyewe lina vitundu. Chokaa ikishaingia humo imeshika.

Nimepata kuona karatasi ya maelezo ya ujenzi, iliyotafsiriwa na mtu ambaye bila shaka hajawahi kushika mwiko, imeandikwa: "Ukuta utiwe ufunguo kabla ya plasta." Kijana aliyekuwa akijifunza kazi aliisoma mara mbili, akauliza mlango uko wapi. Wenzake walimcheka. Mimi naona yeye ndiye aliyekisoma Kiswahili sawasawa.

Sasa twende kwa fundi wa mitambo. Katika mashine ya kusaga unga, injini huvuta ukanda, ukanda huzungusha puli, na puli huzungusha shafti. Puli na shafti hushikwa na nini zisitelezeane? Ni kijiti cha chuma cha pembe nne, nusu yake imelala katika mfereji uliochongwa kwenye shafti, na nusu katika mfereji wa puli. Kwa kawaida upana wake ni karibu robo ya kipenyo cha shafti. Hicho nacho ni "kii". Mara nyingi hutengenezwa kwa chuma kisicho kigumu kama shafti, kusudi mashine ikikwama ghafla kijiti kikatike na shafti ipone. Mwenye mashine asiyejua siri hii, akaona kijiti kimekatika, akatia chuma kigumu mahali pake, ameokoa shilingi chache leo. Siku mashine itakapokwama tena, kitakachovunjika ni kitu cha maelfu.

Seremala naye hutoboa tundu katika mti mmoja, akachonga ulimi katika mti wa pili, ulimi ukapenya ukatokeza upande wa pili. Kisha huutoboa ulimi huo na kugongomea kabari. Meza husimama imara bila msumari hata mmoja, na siku ya kuhama kabari hugongwa ikatoka, meza ikakunjuliwa. Kabari hiyo pia Mwingereza huiita "kii". Na katika tao la mawe, lile jiwe la katikati juu kabisa, linalowekwa mwisho likayabana yote, jina lake ni hilo hilo.

Si mafundi wa mikono mikavu tu. Samuel Morse alipopeleka habari kwa waya kutoka Washington hadi Baltimore tarehe 24 Mei 1844, alibonyeza chombo kilichoitwa "kii": ukikibonya umeme unapita, ukikiachia unakatika. Hata katika uchapaji wa rangi, sahani ya wino mweusi huitwa hivyo, kwa kuwa sahani za rangi nyingine tatu hulinganishwa nayo picha isije ikatoka na kivuli.

Tazama basi. Kwa mwashi, makanika na seremala, "kii" haifungui kitu. Kazi yake ni kushikiza. Kiswahili nacho kina mantiki yake. Kutoka ziba tunapata zibua, kutoka kunja tunapata kunjua, na kutoka funga tunapata fungua. Ufunguo umezaliwa na kufungua, ingawa twaufungia pia. Ukimwambia mwashi atie ufunguo ukutani, umemwambia kinyume cha anachotakiwa kufanya!

Na maneno yenyewe hatukuyakosa. Mwashi hukwaruza, seremala hupiga kabari, makanika hutia kijiti, na mwenye simu hupiga simu. Maneno haya yako vinywani mwa mafundi, lakini katika vitabu ni machache, kwa maana vyuo vyetu vya ufundi bado hufundisha zaidi kwa Kiingereza, ijapokuwa Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Mzee fundi akistaafu, huondoka na msamiati wake kama anavyoondoka na nyundo yake. Kijana anayebaki ana mikono mizuri, lakini akipewa karatasi hajui inamwambia nini.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaotafsiri vitabu vya kazi ni dogo. Kabla ya kufungua kamusi, nendeni kwenye jengo, kwenye karakana, kwenye banda la seremala, mkaulize: "Fundi, hiki mwakiitaje?" Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Asiyeuliza atauandikia ukuta ufunguo, na plasta itamwangukia mwenye nyumba.