Tiketi Mbili, Mzigo Mmoja

Ili kuokoa fedha za wafadhili, baadhi ya kamati huwakatia wageni tiketi mbili tofauti. Ifahamike kwamba shirika la kwanza la ndege halilazimiki kukabidhi mzigo kwa la pili. Mgeni atokaye Ulaya kwenda Mwanza hushuka Dar es Salaam, Jengo la Tatu. Hupita uhamiaji, huchukua mzigo, hupita forodha, kisha huusajili upya kwa ndege ya pili. Ndege ya kwanza ikichelewa, tiketi ya pili yaweza kupotea bila kurudishiwa nauli.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, linganisheni uzito unaoruhusiwa, ulizieni viza ya nchi ya kupitia, na acheni muda wa kutosha. Akiba ndogo isije ikazaa hasara kubwa.