Hozi za breki za stenlesi: Soma hii kabla hujamwambia fundi abadilishe

Kama unaendesha Land Cruiser mkonga, Defender au gari lolote la porini, lazima umeshasikia hii: weka hozi za stenlesi, breki inakuwa ngumu kama jiwe. Madereva wa safari wanaambiana, mafundi wanashauri, na wauzaji wa vipuri ndiyo usiseme.

Ni kweli? Nusu ni kweli. Nusu iliyobaki inaweza kukugharimu, hasa ukiwa unateremka kwenda chini ya kreta ya Ngorongoro, ambako kutoka ukingoni hadi bondeni ni mita 600 hivi za kona na mteremko mkali.

Tuanze na kinachotokea ukikanyaga breki. Mguu unasukuma masta silinda, masta silinda inasukuma oili ya breki, na oili inapita kwenye paipu ngumu za chuma zilizofungwa kwenye chasisi. Shida ni kwamba magurudumu yanapanda na kushuka, yale ya mbele yanakata kona pia, na paipu ya chuma haiwezi kucheza hivyo. Kwa hiyo sehemu zile zinazocheza huwekwa hozi laini. Kwenye gari lenye ekseli nzima nyuma, mara nyingi ni hozi moja tu inayotoka chasisi kwenda kwenye ekseli. Hiyo moja ikipasuka, breki za nyuma zote zimekwenda.

Hozi ya kiwandani ni mpira ulioimarishwa kwa nyuzi ndani. Oili inapokuja kwa presha, mpira unavimba kidogo. Ukiwa mpya huoni tofauti. Ukishazeeka, ukapigwa jua, vumbi na joto miaka 10 au zaidi, unavimba zaidi, na pedali inakuwa laini kama unakanyaga sponji.

Hozi ya stenlesi ndani ina mrija wa tefloni, na juu umesukwa wavu wa nyuzi za chuma kisichoshika kutu. Haivimbi kirahisi. Presha ya mguu wako inafika kwenye kalipa bila kupotea njiani, na pedali inajibu mapema. Faida nyingine ni kwamba ule wavu unasaidia kukinga hozi na mawe na vijiti, ambavyo huko porini havikosekani.

Sasa nusu ya pili. Hozi hizi haziongezi nguvu ya breki. Pedi ni zilezile, diski ni zilezile, tairi ni zilezile. Kinachobadilika ni hisia ya mguuni. Kama breki zako zilikuwa zinachelewa kusimamisha gari kwa sababu pedi zimeisha, zitaendelea kuchelewa, ila sasa pedali itakuwa ngumu.

Pia hazizuii breki kuchemka. Hili ndilo linaloua watu kwenye miteremko. Oili ya kawaida ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani, na maji yakiingia, oili inachemka mapema. DOT 3 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi joto 205, lakini ikishanyonya maji kiwango kinashuka hadi 140. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya na 155 ikishalowa. Ukishikilia breki mteremko mzima, joto la pedi linaingia kwenye oili, oili inageuka mvuke, na mvuke unabonyezeka. Pedali inazama hadi chini. Hapo hata uwe na hozi za dhahabu, hazikusaidii. Kinachosaidia ni oili mpya na kushuka na gia nzito tangu juu.

Kwa maoni yangu, kama bajeti inatosha kufanya kitu kimoja tu, badilisha oili kwanza. Wataalamu wengi wanashauri kila baada ya miaka 2.

Ni wakati gani basi hozi mpya ni lazima? Kwanza, ukiona nyufa, uvimbe au unyevu kwenye zile za zamani. Pili, gurudumu moja likiwa linashika breki hata ukiachia pedali. Mara nyingi kalipa ndiyo inalaumiwa, inanunuliwa mpya, na tatizo linabaki palepale. Mpira wa hozi ukichakaa kwa ndani, huweza kuziba njia: oili inaenda lakini hairudi.

Tatu, ukiwa umeinua gari. Ukiweka springi na shokapu za kuinua gari inchi 2, ekseli imeshuka mbali na chasisi kwa kiasi hichohicho, lakini hozi ni ileile fupi. Barabarani huoni kitu. Siku gurudumu likining'inia kwenye shimo, hozi inavutwa kama kamba. Hapa unahitaji hozi ndefu zaidi, iwe ya mpira au ya stenlesi. Mwambie fundi ainue gari kwa chasisi, magurudumu yaning'inie kabisa, kisha ageuze usukani mpaka mwisho kulia na kushoto. Hozi isivutike, isijinyonge, isiguse tairi.

Isiguse na kitu kingine chochote, kwa kweli. Ule wavu wa chuma unasaga kama tupa, unaweza kula paipu au waya uliokaribu. Ndiyo maana zilizofunikwa plastiki juu ni bora kwa vumbi letu: mchanga ukiingia katikati ya nyuzi, unakwangua polepole kwa ndani, na huwezi kuona kwa macho.

Dukani, usidanganywe na mng'ao. Wavu wa chuma unaweza kuvishwa juu ya mpira wowote. Tafuta hozi ambayo ncha zake zimebanwa kwa mashine kiwandani, siyo kwa klipu ya kukaza na bisibisi, na yenye maandishi ya kiwango. Herufi DOT ni za Wizara ya Uchukuzi ya Marekani, ndizo hizohizo za kwenye chupa ya oili. Kiwango chao kinataka hozi ivumilie presha ya PSI 4,000 kwa dakika 2 bila kupasuka, na ichezeshwe kwenye mashine saa 35 mfululizo.

Wakati wa kufunga, washa za shaba ziwe mpya, hakuna kurudishia za zamani. Kisha upepo utolewe wote, kwa magari mengi kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda.

Na kama gari lina vali ya mzigo karibu na ekseli ya nyuma, fundi asiisahau. Vali hiyo hupima gari limekaa chini kiasi gani ili kugawa presha. Gari likiinuliwa bila mkono wa vali kurekebishwa, vali inadhani gari ni tupu na inapunguza breki za nyuma, hata kama umepakia abiria 7 na mizigo yao.