Chensoo haina nguvu? Anza na mnyororo kabla ya kugusa injini

Kila kiangazi kinapoanza, watu wanapopanga tanuri za tofali na kutafuta kuni, studio hupokea ujumbe unaofanana: "Mtangazaji, chensoo yangu imepungua nguvu. Fundi anasema tutoboe ekzosi na tufungue kabureta. Nikubali?" Wengine huandika kutoka Mbinga mjini, wengine kutoka Mbamba Bay na Liuli. Tumeliweka jibu hapa kwa maandishi ili ulisome taratibu, hata kama kipindi kilikupita.

Jibu fupi ni hili: usikubali bado. Kinachokata mti ni mnyororo. Injini kazi yake ni kuuzungusha tu. Mara nyingi nguvu unayodhani imepotea kwenye injini imepotelea kwenye meno butu.

Angalia kinachotoka

Kata gogo, kisha tazama chini. Mnyororo mkali hutoa chenga nene na msumeno huzama wenyewe. Mnyororo butu hutoa vumbi laini kama unga, na wewe unaanza kuukandamiza. Hapo mafuta yanaisha haraka, injini inachemka na mgongo unauma.

Zima injini, vaa glovu, nolea tupa ya duara. Minyororo mingi ya misumeno midogo hutumia tupa ya milimita 4.8, na mingi ya misumeno mikubwa ya milimita 5.2, hakikisha kwenye kijitabu chake. Sukuma tupa kwenda mbele tu, kwa pembe ya nyuzi 30 hivi, na kila jino lipate idadi ileile ya misuguo. Upande mmoja ukiwa mkali kuliko mwingine, msumeno utakata kwa kupinda.

Mbele ya kila jino kuna kinundu kidogo cha chuma. Kinapima jino lizame kiasi gani, na kwa minyororo mingi kinapaswa kuwa chini ya jino kwa milimita 0.65 hivi. Wapo wanaokisaga sana ili msumeno "ule" haraka. Matokeo yake ni msumeno unaodaka mti na kuruka kumrudia mkataji, usoni au shingoni. Vivyo hivyo kwa breki ya mnyororo: anayeing'oa kwa sababu inamsumbua ameondoa kitu kinachosimamisha mnyororo msumeno unaporuka.

Milimani na ziwani si hewa moja

Hili linatuhusu sana sisi wa huku. Sehemu nyingi za milima ya Umatengo ziko juu ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari. Ufukwe wa Ziwa Nyasa uko karibu mita 500. Ukishuka barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay, hewa inakuwa nzito zaidi.

Milimani hewa ni nyepesi, hivyo petroli inazidi hewa: chensoo inatoa moshi na kuwa nzito. Fundi hukaza skrubu ya kabureta yenye alama ya H ili kupunguza petroli, na injini inachangamka. Lakini ukiibeba vilevile hadi ziwani, hewa inaongezeka na petroli inakuwa pungufu. Na kwa kuwa oili ya kulainisha injini imo ndani ya petroli hiyohiyo, nayo inapungua. Injini inalia kwa sauti nyembamba kali, unafurahi kwamba ina nguvu, kumbe pistoni inachuna silinda. Siku chache baadaye imenoki.

Kwa hiyo ukishuka ziwani, mwambie fundi arekebishe skrubu hiyo kabla ya kazi. Ukirudi milimani, irekebishwe tena. Baadhi ya misumeno mipya hujirekebisha yenyewe; uliza kabla ya kununua. Kutoboa ekzosi nako huongeza hewa inayopita, kwa hiyo asiyejua kurekebisha petroli anaweza kuiua injini njia ileile.

Mafuta na usafi

Pima oili ya 2T, usikisie kwa kifuniko. Kipimo cha 1 kwa 50 ni mililita 100 za oili kwa lita 5 za petroli. Kipimo cha 1 kwa 25 ni mililita 200. Stihl, kwa mfano, wanaelekeza 1 kwa 50 kwa oili yao, na 1 kwa 25 kwa oili nyingine za 2T.

Oili ya mnyororo ni tofauti na hiyo. Usitumie oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye pikipiki au gari. Ina chembe za chuma zinazokula upanga wa msumeno, na inakurukia kwenye ngozi. Safisha kichujio cha hewa kila siku ya kazi, na geuza upanga juu chini mara kwa mara ili usilike upande mmoja.

Ununue ipi?

Kwa kuni za milingoti ya shambani, msumeno wa cc 45 hadi 60 unatosha. Stihl MS 250, kwa mfano, una cc 45 na uzito wa kilo 4.6 bila upanga na mnyororo. Misumeno ya cc 72, kama Stihl MS 382 na Husqvarna 272 XP, inawafaa wapasua mbao. Kwa kuni utabeba uzito na kuchoma petroli bure. Ukipata ya bei rahisi isiyo na jina kubwa, usiulize bei tu. Uliza kama mnyororo, plagi na ringi zake zinapatikana Mbinga au Songea. Bila vipuri, itageuka chuma chakavu.

Mwisho, kuwa na chensoo si kuwa na kibali. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inasimamia uvunaji, hivyo kabla ya kukata miti ya asili pita ofisi ya TFS au kwa afisa misitu wa wilaya.

Kesho asubuhi, kabla hujavuta kamba, pitisha kidole taratibu kwenye jino moja, injini ikiwa imezimwa. Likiwa butu, umeshapata ugonjwa, na dawa yake ni tupa.