Usimnyoe Marehemu: Kumtoa Mtu Katika Picha

Picha inayowekwa juu ya jeneza huko Bukura mara nyingi haikupigwa kwa ajili ya mazishi. Ilipigwa harusini, kanisani, kwenye mahafali ya Chuo cha Kilimo cha Bukura, au nyuma ya nyumba, mbele ya ua wa miti. Msiba unapotokea, mtu wa familia huenda studio au saiba na simu mkononi, akasema: "Mtoe mama hapa katikati ya watu, umweke peke yake." Programu za mazishi lazima zichapishwe kabla ya Jumamosi, na fundi ana saa chache tu.

Tatizo ni kwamba mara nyingi mama huyo hurudi amenyolewa. Nywele zimezungushiwa mstari laini, sikio limepungua, ncha ya kilemba imepotea, na begani kumebaki vidole vya jirani. Hiyo ndiyo sura ambayo wajukuu watatundika ukutani. Kazi hii inastahili uangalifu zaidi, na uangalifu huo huanza kwa kuelewa programu hufanya nini unapoteua sehemu ya picha.

Wengi hudhani uteuzi ni ua wa boma: ng'ombe yumo ndani au yuko nje. Ile mistari ya vijidoti inayotembea kwenye skrini ndiyo inayowapotosha, kwa sababu huonyesha tu pikseli zilizoteuliwa kwa nusu au zaidi. Nyuma yake kuna picha nyingine isiyoonekana, ya kijivu, yenye ukubwa uleule wa picha unayoihariri. Humo kila pikseli ina namba kuanzia 0 hadi 255. Yenye 255 imeteuliwa nzima, yenye 0 haimo kabisa, yenye 128 imo nusu. Wazo hilo la pikseli kuwamo kwa sehemu lilitengenezwa na Alvy Ray Smith na Ed Catmull mwishoni mwa miaka ya 1970, wakiwa New York Institute of Technology, na programu za kuhariri picha hulitegemea hadi leo.

Kwa nini fundi wa Bukura ajali? Kwa sababu unywele mmoja kwenye picha ya simu mara nyingi ni mwembamba kuliko pikseli moja. Pikseli hiyo imebeba unywele kidogo na ukuta kidogo. Ukiilazimisha iingie nzima, umebeba ukuta. Ukiilazimisha itoke nzima, umemnyoa mtu.

Zana zenyewe si nyingi za kuelezea. Photoshop, kazi ya ndugu wawili Thomas na John Knoll, ilipotoka Februari 1990 ilikuwa tayari na kitanzi cha kuchora kwa mkono na fimbo ya uchawi. Fimbo hiyo hugusa rangi moja kisha hukusanya pikseli za jirani zinazofanana nayo, kwa kadiri ya tofauti uliyoiruhusu. Ukutani penye rangi moja, kama kwenye picha za pasipoti, inafaa sana. Lakini mwenye shati jeupe akikaa mbele ya ukuta mweupe, fimbo hupenya hadi kifuani. Kwa joho, kofia ya mahafali na mabega ya koti mimi huchagua kalamu, ile inayoweka nukta na kuzipinda. Ni ya polepole, lakini nguo ina ukingo mkali na kalamu huuheshimu. Tangu 2018 Photoshop pia ina amri ya kumtafuta mtu yenyewe kwa mbofyo mmoja. Itumie kuanzia kazi, usiitumie kuimaliza: kichwa chenye nywele nyeusi mbele ya pazia jeusi hakina tofauti ya kutosha, hivyo programu hubahatisha, na nywele za kipilipili huzirudisha zikiwa mstari laini.

Dawa ya nywele ni ya zamani, nayo haihitaji programu ya bei. GIMP ya bure inaiweza. Picha ya rangi imejengwa kwa chaneli tatu: nyekundu, kijani na samawati. Zifungue moja moja uzitazame zikiwa za kijivu. Kama marehemu alisimama mbele ya majani yenye jua, chaneli ya kijani ndiyo itakayoonyesha majani yakiwa meupe na nywele zikiwa nyeusi. Kama nyuma yake kulikuwa na anga, tazama ya samawati. Nakili chaneli yenye tofauti kubwa zaidi, ongeza tofauti ya mwanga na giza ndani yake mpaka anga au majani yawe meupe na nywele ziwe nyeusi, paka nyeusi kwa brashi sehemu za uso na nguo zilizobaki na mwanga, kisha igeuze kuwa uteuzi na uupindue. Kila unywele utapata namba yake kati ya 0 na 255 bila wewe kuuchora. Mabaki ya rangi ya kijani pembeni ya nywele yaondoe kwa kupunguza ukolezi wa rangi hapo ukingoni tu.

Usilainishe ukingo wote kwa kipimo kimoja. Koti linataka pikseli moja hivi, nywele zinataka zaidi. Ukilainisha kila kitu sawasawa, mtu huzungukwa na ukungu unaoonekana hata kwenye karatasi ya fotokopi. Wala usifute mandhari: ifiche kwa maski, yaani picha ya kijivu kama ile ya uteuzi, ili sikio lililopotea liweze kurudishwa.

Kuna kosa moja ambalo fundi hawezi kulirekebisha. Picha ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa na kubanwa. Faili ya JPEG hugawa picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8, na kwa kawaida huhifadhi rangi kwa undani mdogo kuliko mwanga. Hapo nywele na majani hushikana rangi, na hakuna kitanzi wala fimbo itakayovitenganisha vizuri.

Kwa hiyo ukipeleka picha ya mzazi wako studio, ipeleke ile ya asili kwa waya, au itume kama faili na si kama picha. Peleka mbili tatu ili fundi achague yenye mandhari inayotofautiana na nywele. Kabla haijachapishwa, omba ikuzwe kwenye skrini, utazame nywele, masikio na kilemba. Pasipo sawa, mwambie arudie.