Dawa ya Mfupa, Kidonda cha Taya

Makomredi, dawa inayolinda nyonga ya bibi yako isivunjike inaweza, mara chache, kumuua mfupa wa taya. Si porojo za mtandaoni. Mwaka 2003 daktari mpasuaji Robert Marx wa Miami, Marekani, aliandika kuhusu wagonjwa 36 ambao mfupa wa taya ulikuwa umekufa na kubaki wazi mdomoni. Wote walikuwa wametumia dawa za kundi la bisfosfoneti.

Tuanze na mfupa wenyewe. Wengi wetu tunauona kama nondo: ukishakomaa, basi. Kumbe mfupa ni kama barabara yenye mafundi wa kudumu. Kikosi cha kwanza, seli za osteoklasti, kinachimbua sehemu iliyochakaa. Cha pili, osteoblasti, kinafuata nyuma na kujaza mpya. Mwanamke akishakoma hedhi, homoni ya estrojeni hupungua na wachimbuaji huwazidi kasi wajazaji. Mfupa unadhoofika, anateleza kidogo tu, nyonga imekwenda. Saratani ya titi ikifika mifupani nayo huwachochea wachimbuaji haohao.

Hapo ndipo bisfosfoneti zinapoingia, kwa mfano vidonge vya alendroneti au dripu ya asidi zoledroniki. Dawa hung'ang'ania kwenye madini ya mfupa. Osteoklasti ikija kuchimba inaimeza, mitambo yake ya ndani inakwama, kazi inasimama. Sindano ya denosumabu hupitia njia nyingine: huzuia ishara inayowaita wachimbuaji kazini. Mfupa haupotei ovyo, na wazee wengi wanaendelea kutembea kwa sababu hiyo.

Sasa, kwa nini taya? Kwanza, taya hubeba kazi ya kutafuna kila siku, hivyo hukarabatiwa upesi kuliko mifupa mingi. Pili, limefunikwa na ufizi mwembamba tu, na mdomo umejaa bakteria. Jino likioza, maambukizi yana njia ya moja kwa moja hadi mfupani. Jino liking'olewa, pengo linahitaji wachimbuaji waondoe mfupa uliokufa ili mpya uote. Lakini wachimbuaji wamefungwa mikono. Mfupa ukibaki wazi zaidi ya wiki 8 kwa mtu aliyetumia dawa hizi, na taya halijawahi kupigwa mionzi, madaktari huuita ugonjwa huu kwa jina lake.

Jambo la pili ni msongo wa oksidi. Seli inapotumia oksijeni hutoa molekuli kali, tuziite cheche. Kawaida seli ina vizimamoto vyake. Cheche zikizidi vizimamoto, zinaunguza utando wa seli, protini na hata DNA. Katika maabara, seli za ufizi zilizowekewa asidi zoledroniki zimeonekana kutoa cheche nyingi zaidi, kujongea polepole kufunga kidonda, na kufa. Bakteria nao wanaongeza moto, maana seli za kinga hutumia cheche hizohizo kuwaua. Kwa hiyo mfupa haukarabatiwi, na ngozi ya juu yake haifungi. Ndiyo maana baadhi ya madaktari wamejaribu vitamini E pamoja na dawa ya pentoksifilini. Ila usikimbilie duka la dawa: bado ni msaada wa pembeni, si mbadala wa kusafisha kidonda, antibiotiki au upasuaji.

Taya kufa si jambo geni. Katika karne ya 19 huko Ulaya, wafanyakazi wa viwanda vya viberiti walioza taya kwa mvuke wa fosforasi nyeupe, hadi mkataba wa Bern wa 1906 ukaipiga marufuku. Wale walipewa sumu kazini. Wazee wetu wanapewa tiba, na tofauti hiyo ni kubwa.

Kwa hiyo tusitishane. Kwa anayetibiwa udhaifu wa mifupa, hatari iko chini ya mtu 1 kati ya 1,000. Kwa wagonjwa wa saratani, wanaopewa dozi kubwa na za mara kwa mara, ni wachache kati ya kila 100. Nyonga iliyovunjika kwa mzee ni balaa la kawaida zaidi. Kumwambia mama aache dawa kwa sababu umesoma makala hii ni kumkosea. Denosumabu ikikatizwa ghafla, pingili za mgongo zinaweza kuvunjika.

La kufanya ni hili. Kabla ya kuanza dawa, mgonjwa aende kwa daktari wa meno. Jino bovu liondolewe mapema na pengo lipone. Akishaanza, apige mswaki kweli, na asing'olewe jino kabla hajataja dawa anayotumia, hata kama aliiacha zamani, maana bisfosfoneti hukaa mfupani miaka. Likizo hii ukifika nyumbani, soma majina kwenye boksi za dawa za wazee. Ukiona mojawapo ya haya, uliza swali moja tu: "Daktari wa meno anajua?"